Somo: me, te, lo, la, le za Kihispania kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili

Wakuu habari za saa hizi. Hili swali la "lo na le zinatofautianaje" naliona humu kila kukicha, nimejibu mpaka nimechoka, so leo naliandika lote mara moja na atakayeuliza tena nitamtumia huu uzi tu.

Kwanza mjue sisi tuna bahati. Mtu anayesema "nilimwona" tayari kazoea kumuweka mtendwa ndani ya kitenzi, na Kihispania nacho kinamuweka hapohapo jirani na kitenzi. Tatizo letu ni hiyo "m" moja kufanya kazi mbili, tutaikuta hatua ya 2.

Hatua ya 1. Kariri: me (mimi), te (wewe), nos (sisi), os (ninyi, ya Hispania, Amerika ya Kusini kwa ninyi wanatumia ustedes, so hapo ni los, las au les). Nafsi ya tatu: lo, la, los, las kwa anayetendwa, le na les kwa anayetendewa.

Hatua ya 2. Hapa someni taratibu maana ndio wengi wanapoanguka. Chukua "nilimwona Asha" na "nilimpa Asha kitabu". Kwetu zote ni "m". Kihispania ya kwanza ni la vi, ya pili ni le di un libro. Kwenye ya kwanza aliyeonwa ni Asha mwenyewe, kwenye ya pili kilichotolewa ni kitabu na Asha kakipokea. Sasa kuna kipimo ambacho mzungumzaji wa Kiswahili anacho bure: kitenzi chetu kikiwa kwenye kauli ya kutendea, mara nyingi Kihispania kinataka le. Nilimnunulia, le compré. Nilimwandikia, le escribí. Nilimpikia, le cociné. Ongezea hapo kupa, kuambia, kuuliza, kuomba na kuonyesha, yaani dar, decir, preguntar, pedir na enseñar, zote zinachukua le. Ila kumjua mtu, kumtafuta, kumsubiri, kumsikiliza, hizo ni lo au la.

Onyo sasa. Kipimo hiki kina matundu, na tundu kubwa ni simu. "Nilimpigia Asha" ni kutendea kabisa lakini Kihispania ni la llamé. Hispania utawasikia wengi wanasema le llamé, sawa, ila wewe kwenye mtihani andika la. Onyo lingine ni hiyo "a". Vi a Asha, busco a Juma. Hiyo "a" inakaa mbele ya mtu anayetendwa kwa sababu ni mtu, haimgeuzi kuwa mtendewa, lakini watu wakiiona tu wanakimbilia le na sentensi inaharibika. Halafu le haina jinsia, Asha le, Juma le. Ukipita Madrid ukasikia "la di un libro" usiige, sarufi sanifu inaihesabu kosa. Na "le vi" kwa mwanaume mmoja Real Academia Española, taasisi inayosimamia Kihispania sanifu, wanaikubali, kwa mwanamke hawaikubali.

Hatua ya 3. Vitu vina jinsia: el libro, lo compré, la mesa, la compré. Ichukulie kama ngeli, kitabu nimekinunua, meza nimeinunua.

Hatua ya 4. Mahali pa kukaa ni mbele ya kitenzi chenye nafsi: la vi (nilimwona), la he visto (nimemwona). Usiichomeke katikati, "he la visto" haipo. Vitenzi vikiwa viwili chagua: la voy a ver au voy a verla (nitamwona), zote sawa, "voy a la ver" haipo. Ukiamuru inaganda nyuma, dímelo (niambie hilo). Ukikataza inarudi mbele, no me lo digas (usiniambie hilo).

Hatua ya 5. Zikiwa mbili, mpokeaji anatangulia na kitu kinafuata: me lo dio (alinipa hicho). Le au les ikikutana na lo, la, los, las inageuka se: se lo di (nilimpa hicho). Usiandike "le lo" hata siku moja. Hii se haisemi ni mtu mmoja au wengi, so ikibidi ongeza a ella, a ellos.

Hatua ya 6. Le di el libro a Asha. Jina limetajwa na le imebaki, kama sisi tunavyosema nilimpa Asha, hakuna anayesema "nilipa Asha" akimaanisha hivyo. Na me gusta el libro isikusumbue, ni "kitabu kinanipendeza", kitabu ndio mtenda.

Maswali yaje.

Mdau: Mkuu lo na le tofauti yake ni nini hasa?
Jibu: Hatua ya 2.

Mdau: Ndefu sana hii, si useme tu lo ni kitu, le ni mtu?
Jibu: Nisingeandika aya nzima kama ingekuwa hivyo. Juma ni mtu na ni lo busco. Hiyo kanuni yako ndio inayowafelisha watu, tafadhali usiisambaze.

Mdau: Mimi natembeza watalii Arusha, wengi wanatoka Hispania. Nawaambia "les espero a las seis", yaani nawasubiri saa kumi na mbili, niko sahihi?
Jibu: Safi sana ndugu yangu. Esperar ni ya lo/la, so kwa kundi la wanaume au mchanganyiko ni los espero a las seis, wote wakiwa wanawake las espero. Les ya heshima utaisikia pia, hawatakushangaa. Wakiwa vijana na mmeshazoeana, kwa Wahispania sema os espero, inawakaa vizuri zaidi. Ila ukiwauliza kama wamependa mbuga ni ¿les ha gustado?, hapo les ni lazima kama unatumia ustedes (ninyi ya heshima), na kwa vosotros (ninyi ya waliozoeana) ni ¿os ha gustado? Ukiwaahidi kuwaonyesha ramani baadaye, se lo enseño luego, maana mapa ni el mapa japo inaishia na a.

Mdau: Mimi ni wa Kigali. Kinyarwanda tunasema yabimuhaye, yaani amempa hivyo vitu, kitu na mtu wote ndani ya kitenzi kimoja. Kwa hiyo se lo kwangu ni rahisi?
Jibu: Swali tamu hili. Umetuacha mbali, Kiswahili kinabeba mmoja tu, nikisema nimempa hiyo "ki" ya kitabu haina pa kukaa. Ila angalia mpangilio: kwenu bi (vitu) imetangulia na mu (mtu) iko karibu na shina, Kihispania ni kinyume, mtu kwanza halafu kitu, se los dio. Ukifuata mazoea ya nyumbani utasema los se dio na hawatakuelewa. Na hiyo se haina undugu na se ya se lava (anajiosha). Kihispania cha kale walisema gelo, kutoka Kilatini illi illum, baadaye ikachanganyika na se kwa sauti.

Mdau: Nina homework sentensi ishirini, nikutumie inbox?
Jibu: Hapana. Weka tatu ulizojaribu mwenyewe hapa hapa, tutaziangalia wote.

Mdau: Dímelo ina alama lakini dime haina, kwa nini?
Jibu: Mkazo umebaki pale pale kwenye di, neno ndio limerefuka, alama inakuonyesha mkazo haujahama. Dame na dámelo vilevile. Kwenye simu bonyeza i ushikilie, itakuletea í.

Mdau: Nyie mnakariri vipi vitenzi vya le?
Jibu: Usiandike kitenzi peke yake kwenye daftari, andika kisentensi: le pregunté, la busqué, le pedí, lo esperé. Soma kwa sauti ukiwa kwenye daladala, ulimi utazoea.