Jinsi ya kupima mvua kwa chupa ya plastiki na rula

Kipimamvua kinadai mambo mawili tu: mdomo ulio sawasawa na mahali pa wazi. Ukiyakosea hayo, hata chombo cha dukani kitakupa takwimu za uongo.

Hatua ya 1: Chupa. Tafuta yenye ubavu ulionyooka, isiyo na kiuno. Ikate pale inapoanza kufinyika, geuza kipande cha juu ukichomeke kama faneli, kingo zilingane, kisha zungushia selotepu.

Hatua ya 2: Sifuri. Kitako cha chupa kina mabonde. Tia kokoto chache na maji hadi zifunikwe, chora mstari, kisha bandika rula. Angalia vizuri: kwenye rula nyingi sifuri haianzii ukingoni. Kinacholingana na mstari ni alama ya sifuri.

Hatua ya 3: Mahali. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Kando ya ukuta au chini ya mti, mvua hukingwa au hudondoka mara mbili. Kaa mbali na kizuizi angalau mara mbili ya kimo chake: mti wa mita 5, umbali mita 10. Funga chupa kwenye kigingi, mdomo uwe kama sentimita 30 kutoka ardhini ili matone yanayoruka yasiingie. Isiinamie upande wowote.

Hatua ya 4: Kusoma. Soma kila siku saa 3 asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji. Uso wa maji hubonyea katikati. Soma chini ya mbonyeo. Andika, kisha rudisha maji kwenye mstari wa sifuri. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku usiyosoma weka kistari, na kiasi utakachokikuta kesho yake kiandike kuwa ni cha siku mbili. Usikigawe kwa kukisia.

Manyunyu rula haiyaoni vizuri. Kwa hayo tumia chupa kavu isiyo na kokoto, vuta maji kwa bomba la sindano, gawa mililita kwa eneo la mdomo katika sentimita za mraba, zidisha kwa 10. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 10 una eneo la 78.5; mililita 157 ni milimita 20.

Hatua ya 5: Kutumia takwimu. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20, hupokea lita 1,000, kabla ya kuondoa yanayomwagika. Eneo hilo ni la ardhi iliyofunikwa na paa, si la mabati yaliyoinama.