Jinsi ya kutazama Tinker Tailor Soldier Spy ya 1979 bila kupotea

Nafundisha fasihi kidato cha tano, na wanafunzi wangu wanaopenda mambo ya ujasusi huniuliza waanze na tamthilia ipi. Huwa nawaambia: Tinker Tailor Soldier Spy ya BBC ya mwaka 1979, sehemu saba, iliyotokana na riwaya ya John le Carré ya 1974. Wengi huishia sehemu ya pili, wakilalamika kwamba haieleweki. Inaeleweka sana, ila inataka utulivu.

Washa maandishi ya chini ya picha hata kama Kiingereza chako ni kizuri, maana watu hawa huongea kwa sauti ya chini na nusu ya maneno huyameza. Kisha chukua karatasi uandike majina manne: Percy Alleline, Bill Haydon, Roy Bland, Toby Esterhase. Hawa ndio vigogo wa idara ya ujasusi ya Uingereza, inayoitwa Circus kwa sababu ofisi zake zipo Cambridge Circus, London. Mmoja wao anaiuza nchi kwa Moscow. George Smiley, ambaye alishaondolewa kazini, anarudishwa kwa siri amtafute. Sitakutajia msaliti, na ukiwa na rafiki anayemjua, mwombe akuhifadhie.

Sasa tazama mwanzo kabisa, halafu urudie. Wanne hao wanaingia chumba cha mkutano mmoja mmoja, hakuna anayesema neno. Haydon anaingia wa mwisho, ameshika kikombe cha chai na kisahani amekifunika juu yake. Tazama kila mmoja anavyoketi, anavyoshika vitu vyake, anavyowaangalia wenzake. Tabia zao zote zimeshawekwa mezani hapo, kabla hadithi haijaanza.

Kinachowachanganya watu zaidi ni wakati, kwa kuwa hadithi inarudi nyuma mara kwa mara. Njia rahisi ni hii: ukimwona mzee Control, mkuu wa zamani wa idara, jua upo kwenye yaliyopita, kwa sababu Smiley anapoanza uchunguzi mzee huyo ameshafariki. Mdogo wangu nilipomwonyesha hilo aliacha kuniuliza "kaka, hii ni sasa au zamani?"

Usisubiri mapigano. Uchunguzi wenyewe ni Smiley kuketi na mtu mmoja, kumsikiliza, kisha kwenda kwa mwingine. Kwa kila anayehojiwa, andika kwenye karatasi yako jambo moja tu: aligundua nini, na baada ya hapo alitendewaje. Connie Sachs, mama mwenye kumbukumbu ya ajabu, alimshuku ofisa mmoja wa ubalozi wa Kisovieti, akasema, akaondolewa kazini. Andika. Yakifika majina matatu ya namna hiyo utaanza kuona mkono wa mtu.

Kuna mahali nakuomba uzime simu kabisa: Smiley anaposimulia alivyokutana na Karla, jasusi mkuu wa Kisovieti, gerezani Delhi. Smiley, yaani Alec Guinness, anaongea peke yake. Karla, aliyeigizwa na Patrick Stewart, hatamki hata neno moja. Anaondoka na kiberiti cha gesi ambacho Smiley alizawadiwa na mkewe Ann. Kikumbuke kiberiti hicho.

Ukipata nafasi soma habari za Kim Philby, ofisa wa ujasusi wa Uingereza aliyetorokea Moscow mwaka 1963. Le Carré mwenyewe alifanya kazi MI5 na MI6, idara za ujasusi za Uingereza, kwa hiyo uchungu wa kusalitiwa na mwenzako wa ofisini aliuandika akiujua.

Tazama sehemu moja kwa usiku, si zaidi. Riwaya isome baadaye; yenyewe inaanzia kwenye shule ya bweni, na utafurahi kukuta njia nyingine ya kuingia. Filamu ya 2011 iache kwanza, kwa kuwa itakumalizia siri kwa saa mbili. Baada ya hapo endelea na Smiley's People ya 1982, ambayo Guinness yumo tena.