Uyoga wa Kichuguu: Namna ya Kuutambua Kabla Haujaingia Chunguni

Mvua za kwanza zikishakolea huku Tabora, mwezi wa Novemba au Desemba, simu yangu hujaa picha. Mtu kaupiga picha uyoga mweupe kwa juu, kanitumia, na swali lao wote ni moja: "Dada, huu unalika?" Sijawahi kumjibu mtu ndiyo. Siyo uchoyo. Picha ya kofia hainionyeshi kilicho ardhini, na uyoga wa kichuguu hutambuliwa kwa kilicho ardhini.

Nilifundishwa na bibi, mama yake mama, kwenye miombo ya Sikonge. Nikiwa na miaka kama tisa nilirudi kutoka uwanja wa mpira na uyoga mkubwa mweupe, mzuri kama sahani mpya, nikingoja kusifiwa. Bibi hakuitazama kofia. Aliupindua, akaangalia mwisho wa shina, akauliza, "Mzizi wake uko wapi, mjukuu wangu?" Sikuwa na la kujibu. Akautupa shimoni, akaninawisha mikono, akasema kesho tutatoka wote. Ninayoandika hapa ni yale ya siku ile ya pili, pamoja na niliyoongeza mwenyewe baadaye.

Nafundisha uyoga mmoja tu. Anayeanza akitaka kujua aina kumi kwa mkupuo, huishia kuzichanganya zote. Ujue huu hadi uweze kuutambua kwa kupapasa gizani, ndipo uende kwa mwingine.

Kwanza, yaache haya

Kijiko cha fedha kutiwa chunguni, kitunguu kubadilika rangi, konokono kuula, kunukia vizuri, kuota mahali pasafi: hakuna hata kimoja kinachotenganisha uyoga mzuri na wenye sumu. Konokono hula uyoga unaoua binadamu na asidhurike. Kuchemsha na kumwaga maji hakusaidii pia, kwa sababu sumu inayoharibu ini, ile ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, haivunjwi na moto wala kwa kuanikwa juani. Na ladha ndiyo mdanganyifu mkubwa. Walionusurika na sumu hiyo wamesimulia kwamba mboga ilikuwa tamu.

Hatua ya 1: Toka na mtu anayejua

Kila kijiji cha miombo kina kina mama waliochuma na kuuza uyoga miaka mingi. Mwombe mmoja akuchukue, umbebee kikapu. Msimu wa kwanza chuma, chimba, chunguza, ila chakula chako kiwe kile alichokikagua yeye kwa mikono yake. Beba kikapu, kisu, jembe dogo na magazeti ya kufungia. Mfuko wa plastiki uache nyumbani. Humo uyoga hutoka jasho na kuoza kabla hujafika, na uyoga uliooza huumiza tumbo hata kama ni wa kuliwa.

Hatua ya 2: Tafuta mchwa kwanza

Uyoga huu haujioteshi wenyewe. Mchwa hukusanya majani makavu, nyasi na vijiti, huvitafuna, kisha hujenga ndani ya kichuguu kitu kama sega lenye vishimo. Juu ya sega hilo hustawi kuvu, na kuvu hilo ndilo linalolainisha chakula ili mchwa waweze kukitumia. Ni shamba lao. Mvua ikilowesha ardhi, kuvu hupeleka shina juu hadi litoboe udongo. Wanasayansi huita jamii hii Termitomyces. Ipo aina iliyoelezwa mwaka 1994 ikapewa jina la Singida, na ipo ya Zambia, iliyoelezwa mwaka 1980, ambayo kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita moja.

Usitegemee kuona kichuguu kirefu kila mara. Mchwa wengine hujenga chini kabisa, juu ukaona uwanja tambarare. Bibi alikuwa na vichuguu vyake kichwani, na alijua kipi huanza wiki gani. Weka kumbukumbu kama yeye, maana uyoga hurudi palepale mwaka hadi mwaka.

Lakini kichuguu peke yake si ushahidi. Juu ya udongo wake huweza kuota uyoga mwingine, na kwenye vichuguu vilivyokufa huota hata vitu vyeusi kama vidole.

Hatua ya 3: Chimba, usichomoe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Ukiushika shina ukauvuta, utakatika, na sehemu unayoihitaji itabaki chini. Chimba pembeni taratibu, ulifuate shina linavyoshuka. Uyoga wa kichuguu huendelea ardhini kwa kitu kama mzizi: kigumu, chenye nyuzi, kinachopungua unene kadiri kinavyoshuka kuelekea kwenye sega. Wakati mwingine ni kirefu kuliko shina lote la juu. Huna haja ya kufika kwenye sega na kuwabomolea mchwa nyumba. Chimba sentimita 15 au 20, uhakikishe kwamba shina linaingia ndani na kuwa jembamba.

Kama shina linaishia hapohapo kwa uvimbe wa mviringo, acha. Kama limekaa ndani ya kikombe au mfuko mweupe kama ganda la yai lililopasuka, acha haraka. Kikombe hicho ni alama ya Amanita, na uyoga mwingine pia unacho. Ndiyo, huku kwenye miombo wako wanaokula aina fulani za Amanita na wanazijua vizuri. Mimi sizifundishi kwa anayeanza, wala sitazifundisha, kwa sababu ndugu zake wa karibu ndio wanaoua.

Uyoga ule mdogo mweupe unaotapakaa chini kwa mamia, nao ni wa mchwa, hauna mzizi mrefu. Huo mwachie mwalimu wako akuonyeshe.

Hatua ya 4: Kofia

Papasa katikati. Utakuta chuchu au nundu ngumu, mara nyingi yenye rangi iliyokolea kuliko kofia yenyewe. Hiyo ndiyo iliyotoboa udongo. Rangi ya kofia huenda kuanzia nyeupe hadi kijivu au kahawia, kwa hiyo usiitegemee. Ikikomaa, kingo zake hupasuka kuelekea katikati.

Hatua ya 5: Geuza

Chini ya kofia kuna kuta nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu. Mimi huziita matamvua. Kwenye uyoga wa kichuguu ni meupe ukiwa mchanga, kisha hupata uwaridi unapokomaa. Hayajaungana na shina. Pete kwenye shina isikuamulie, kwani baadhi ya aina za kichuguu zinayo na nyingine hazina.

Matamvua yakiwa na ukijani, hata kidogo, tupa. Uyoga wangu wa uwanja wa mpira ulikuwa huo, ninaamini hivyo sasa: mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia kofiani na pete inayoweza kusogezwa kwenye shina. Huota kwenye nyasi za viwanja, shule na makanisa. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe kabisa, na ndiyo maana huwapata wengi. Ukila, ndani ya saa moja hadi tatu hutapika na kuhara vibaya, na kwa mtoto mdogo upotevu huo wa maji ni hatari kubwa.

Hatua ya 6: Pasua ulio bado umefumba

Uyoga ambao haujafunguka usiuchume mpaka umekuwa mzoefu. Ukiuchuma, upasue kwa urefu. Ukiona umbo la uyoga mzima limefungwa ndani ya ngozi kama kifaranga ndani ya yai, huo si wa kichuguu.

Hatua ya 7: Chukua unga wake

Kata kofia moja iliyofunguka, ilaze matamvua yakiwa chini juu ya karatasi ambayo nusu umeiacha nyeupe na nusu umeipaka mkaa. Funika kwa bakuli. Asubuhi inua, uangalie unga ulioangukia karatasi. Unga wa uyoga wa kichuguu ni wa waridi hafifu. Wa kijani ni ule wa uwanjani. Mweupe kabisa ni wa Amanita na wengine wengi, tupa.

Waridi peke yake hautoshi. Kuna uyoga wenye unga wa waridi na kikombe chini, na upo wenye unga wa waridi, matamvua yaliyoshikana na shina, na sumu. Mzizi, nundu, matamvua yaliyo huru na unga vyote vikubaliane. Kimoja kikikataa, mboga ya siku hiyo iwe matembele.

Hatua ya 8: Mahali na chungu

Uyoga hunyonya madini ya sumu kutoka ardhini. Usichume karibu na machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki, kando ya barabara kuu, wala kwenye shamba la tumbaku au pamba lililopuliziwa dawa.

Pika siku hiyohiyo uliyoangalia unga, uive kabisa, dakika 20 na zaidi. Mimi huuchana kwa vidole kama nyama ya kuku, nikaunga kwa karanga. Mara ya kwanza kula kidogo, watoto wasubiri, na uyoga mmoja mzima pamoja na mzizi wake uufunge kwenye gazeti bila kuupika hadi kesho yake jioni. Kula kidogo ni kwa ajili ya tumbo lisilouzoea. Si kipimo cha sumu, maana kwa sumu ya ini hata nusu kofia yatosha kumuua mtu mzima.

Ukimwona mtu ameugua

Mpeleke hospitali hapohapo. Usimpe maziwa, usimlazimishe kutapika, usingoje aone nafuu. Beba ule uyoga uliofungwa, au mabaki ya mboga. Mwambie daktari saa mliyokula na saa dalili zilipoanza, kwa sababu tofauti ya saa hizo humsaidia kujua ni sumu gani. Sumu ya ini huchelewa saa 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo aliyekula jioni huanza kuhara alfajiri na familia ikadhani ni maji mabaya. Kisha huja siku ambayo mgonjwa anaketi, anaomba uji, na watu wanataka kumrudisha nyumbani. Siku hiyo ini linaendelea kuharibika. Asitoke wodini mpaka damu yake imepimwa na daktari ameridhika, na wote waliokula chungu kimoja naye wapimwe pia, hata asiyelalamika.