Nargisi Lubumbashi: panda wakati wengine wanaweka majembe ndani

Hapa kwetu kila mtu anaijua kalenda ya jembe. Mvua zinaanza kunukia mwisho wa Oktoba, Novemba mahindi yanaingia udongoni, na ikifika Mei jembe linalazwa nyuma ya mlango, vumbi jekundu linachukua mji. Nargisi, ua linaloota kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu, ina kalenda yake, na ni kinyume kabisa na ya mahindi. Mimi nilichelewa kulielewa hilo, na kuchelewa kwangu kuligharimu matunguu ishirini.

Nafunga mashada ya arusi na ya msiba, nyumbani, mtaa wa Bel-Air, komini ya Kampemba. Ua lenyewe Kiswahili cha vitabu kinaliita nargisi. Wengi wetu tulilijua kwa jina la Kifaransa, jonkili, kutoka kwenye kalenda za ukutani: ua la njano lenye kikombe katikati. Matunguu yangu ya kwanza aliniletea wifi yangu kutoka Brussels, mwezi wa Oktoba, kwa sababu huko ndio mwezi wa kuyapanda. Nikayatia udongoni Novemba, sambamba na mahindi. Yakachipua vizuri tu. Kisha mvua ikashuka wiki mbili bila kupumua. Nilipovuta jani moja, lilikuja peke yake mkononi. Chini kulibaki uji unaonuka.

Sababu ni hii. Kwao nargisi ni Hispania, Ureno na nchi za jirani kandokando ya Mediterania. Huko mvua inakuja na baridi, na joto linakuja na ukavu. Kwa hiyo tunguu linakua kwenye baridi, halafu linalala wakati wa joto likiwa kwenye udongo mkavu. Sisi mvua yetu inakuja pamoja na joto. Tunguu linapotaka kulala, linaloweshwa, na kuvu wa Fusarium wanaopenda udongo wa moto na unyevu wanalila kuanzia kitakoni. Lakini tuna kitu ambacho Kinshasa hawana: mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi ile inayotufanya tulale na makoti ndiyo nargisi inaitafuta. Maji utaleta mwenyewe kwa ndoo.

Jambo la kwanza basi ni tunguu kutoka upande wetu wa dunia. Tunguu la Ulaya linaamka Oktoba. Tunguu la Afrika Kusini limezoea majira kama yetu, na huko yanauzwa kuanzia Machi hivi, kabla ya baridi yao. Baba wa watoto anaendesha lori la Johannesburg, hivyo yangu yanapita mpaka wa Kasumbalesa chini ya kiti chake. Mwambie anayekununulia aombe kwa muuzaji karatasi ya afya ya mimea. Bila karatasi hiyo, mpakani mnaweza kuyaacha. Na ndugu wa Ulaya akikuletea tu bila kukuuliza? Usiyapande nje. Mwombe siku nyingine alete zile nyeupe ndogo zinazoitwa Paperwhite. Hizo unaziweka kwenye bakuli lenye changarawe, maji yakigusa kitako tu, mezani, na ndani ya wiki nne hadi sita zinachanua hata Novemba. Kwa joto shina litarefuka na kulegea, utalifunga na uzi. Ikiisha, tupa.

Chagua aina kabla ya kuangalia picha. Picha itakupeleka kwa King Alfred, lile kubwa la njano lililotoka Uingereza mwaka 1899, au kwa ndugu zake wanaouzwa leo kwa jina lake. Hilo linadai wiki kama 12 za baridi ya kweli, nyuzi 5 hadi 9. Lisipoipata, shina linabaki fupi, ua linakauka katikati ya majani halijafunguka. Wenye bustani za joto wanakwenda kwenye ukoo wa tazeta, wale wenye maua madogo mengi kwenye shina moja na harufu nzito: Paperwhite, Grand Soleil d'Or la njano na machungwa, na Erlicheer lenye petali zilizorundikana kama waridi dogo. Hao hawadai frigo. Kwa arusi mimi nategemea Erlicheer. Shina saba zinajaza mkono wa bibi arusi.

Ukikazania King Alfred, nami kila mwaka nakazania machache kwa sababu ya ubishi, basi frigo. Matunguu yanakaa humo tangu mapema Machi hadi mwisho wa Mei, chini, mbali na kigandishio, kwenye mfuko wa karatasi ili yapumue. Mbali pia na matunda. Ndizi, parachichi na maembe yanapoiva hutoa gesi ya ethileni, na gesi hiyo inaua ua likiwa bado changa ndani ya tunguu. Utalipanda, litatoa majani ya kupendeza, ua hutaliona. Umeme wa kwangu unakatika siku mbili tatu, kwa hiyo yangu yanalala kwa jirani anayeuza soda, kwenye frigo yake ya kioo, maana yeye ana jenereta. Kodi yake ni shada moja mwezi wa Agosti. Na andika SUMU kwa herufi kubwa kwenye mfuko. Nargisi ina likorini ndani yake, inatapisha mtu vibaya, na tunguu lake ni kama kitunguu cha mboga, mapacha. Mama mkwe wangu alikuwa ameshamenya moja kwa ajili ya samaki. Namshukuru Mungu alilalamika kwanza kwamba halimtoi machozi.

Udongo ndipo utakapofanya kazi ya jembe. Mkulima wa mboga hapa atakuambia chimba kichuguu, udongo wa mchwa una nguvu. Kwa lenga-lenga, mchicha wetu, ana haki. Kwa nargisi nilijaribu: ule ni mfinyanzi, ndio maana watu wanafyatulia matofali. Ukinywesha unashika maji kama bakuli, ukiacha unakuwa tofali kweli. Changanya ndoo moja ya udongo mwekundu wa kawaida, ndoo moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na ndoo moja ya majani yaliyooza hadi yakawa meusi. Samadi mbichi ya kuku usiisogeze. Inaunguza mizizi na kuita uozo. Majivu ya kuni, ndiyo, konzi moja kwa mita mraba, yanampa tunguu potasi. Usichukue udongo wa upande ule ambako moshi wa shimini kuu ya kiwanda cha shaba ulikuwa unaangukia miaka na miaka. Una shaba nyingi, hata majani hayaoti vizuri.

Inua tuta sentimita 25 hivi. Asiye na uwanja atumie bidoni ya lita 20 iliyokatwa nusu, matundu manane chini yatobolewe kwa msumari wa moto. Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi linapiga, na kuanzia saa saba mchana ukuta unatupa kivuli. Mchana wa Agosti unaweza kumaliza ua kwa siku tatu.

Tazeta napanda katikati ya Mei, usiku ukishaanza kuuma. King Alfred yanatoka frigo na kuingia udongoni siku hiyohiyo, mwanzo wa Juni. Tunguu likiwa na urefu wa sentimita 5, shimo liwe la 15. Ncha juu, kitako chini, nafasi ya kiganja kati ya moja na jingine. Kina hicho si mapambo: udongo wa chini unabaki baridi mchana. Funika juu kwa nyasi kavu, lakini nyembamba, maana mchwa wetu wakiona nyasi wanafanya karamu.

Nywesha sana siku ya kupanda. Baada ya hapo mara mbili kwa wiki, maji yaende chini, si kurashia juu kila jioni kama mtu anayetuliza vumbi. Karibu hakuna tone la mvua kati ya Mei na Septemba, kwa hiyo ukisahau wiki mbili wakati chipukizi limetoka, umejinyima ua mwenyewe.

Paperwhite zinatoka kwanza, mapema Julai. Erlicheer na Soleil d'Or zinafuata. Kwa mashada usingoje ua lifunguke: kata asubuhi, shingo ikiwa imeshainama na rangi inaonekana. Kata shina, majani uyaache. Utomvu wake unawasha ngozi, mimi nilipata vipele kati ya vidole kabla sijaanza kuvaa glovu. Na utomvu huohuo unawaua wenzake ndani ya chombo. Weka nargisi peke yake kwenye maji usiku mzima, kisha mwaga maji hayo, ndipo uchanganye na waridi, bila kukata shina tena. Ukikata tena utomvu unaanza upya. Arusi yangu ya kwanza ya nargisi waridi ziliinamisha vichwa kabla ya keki, na mama wa bibi arusi alinitazama macho ambayo bado nayakumbuka.

Ua likishakauka watu wanang'oa, au wanafunga majani fundo ili bustani ionekane safi. Msifanye hivyo. Majani yale ndiyo yanalisha tunguu, na ua la mwakani linatengenezwa humo. Yanataka wiki sita au zaidi ya jua na maji kabla ya kuwa njano yenyewe. Hapa ndipo mbio zenyewe zilipo: hesabu wiki hizo kutoka mwisho wa Julai, unafika katikati ya Septemba, jakaranda zinaanza zambarau, mvua bado. Aliyechelewa kupanda hadi Juni mwishoni atakutwa na mvua ya Oktoba majani yakiwa mabichi, na tunguu halijashiba. King Alfred yangu huwa katika hali hiyo kila mwaka, kwa hiyo nayahesabu kama maua ya msimu mmoja, nayatupa jalalani. Si kwenye mboji, kuku wa jirani wanapekua huko.

Tazeta, majani yakishalala njano, acha kunywesha. Subiri siku kumi, chimbua kwa uma si kwa jembe, kung'uta udongo, usioshe. Yatandaze kwenye kitambaa chini ya baraza, kivulini, siku tano au sita. Bonyeza kitako cha kila moja kwa dole gumba: linalobonyea halina dawa, tupa. Watoto wanaoachia kwa urahisi watenganishe, wanaong'ang'ania waache na mama yao. Halafu mfuko wa wavu wa vitunguu, utundikwe ukutani chumba chenye hewa, mbali na bati linalochemka. Panya hawagusi, wanaijua sumu.

Mwaka wa pili yangu yalitoa maua machache kuliko wa kwanza, wa tatu yakaongezeka kwa sababu watoto walishakua. Mfuko wa sasa una matunguu 64, umening'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, na nje mahindi yamefika kiunoni.