Pedi za breki za mbele kwa Benz 123, zibadilishe mwenyewe

Wasee wa magari ya zamani, hii kazi watu wanaiogopa bure. Mimi niko na Mercedes 240D ya 1983, moja ya zile za familia ya 123, ilikuwa ya mzee wangu, na kwa miaka mingi pedi zikiisha nilikuwa napeleka kwa fundi naketi hapo kwa debe masaa matatu nakunywa chai, mpaka siku moja nikasimama nikamwangalia vizuri nikaona kumbe kalipa yenyewe (kile chuma kinachobana pedi kwa diski) haifunguliwi hata bolti moja. Pedi zinachomolewa kwa juu kama kitabu kwa rafu. Kalipa ya hii gari haitelezi kama zile za Toyota za siku hizi, imefungwa imara na iko na pistoni mbili, moja kila upande wa diski, na hiyo ndio inafanya kazi iwe rahisi na pia ndio inaleta matatizo nitakayowaambia.

Kwanza spea. Kabla uende Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan) toa gurudumu moja uangalie jina lililochongwa kwa kalipa, kwa sababu 123 zilitoka na kalipa za Ate na zingine Bendix na pedi zake haziingiliani. Mimi huenda na pedi ya zamani nimeifunga kwa gazeti. Ukifika hapo unaulizwa "Boss, ni ya 123 ama 124?" na ukisita kidogo unaletewa ile imekaa kwa rafu miaka. Weka ya zamani juu ya mpya pale kwa kaunta, linganisha umbo, linganisha mashimo ya pini, na uangalie kama kuna tundu la waya wa sensa. Pedi ni nne, pande zote mbili unabadilisha siku moja, hakuna kubadilisha upande mmoja eti ule mwingine bado uko sawa.

Huo waya wa sensa usiudharau. Pedi ikiisha ncha yake inagusa diski na taa inawaka kwa dashibodi ukikanyaga breki. Kuna fundi mmoja, jina namsitiri, alikata zangu zote na plaiza akasema "hizi ni za urembo tu" na mimi nikaendesha hivyo mpaka chuma ikaanza kukwaruza diski. Ukinunua pedi nunua na sensa mpya, ni kitu kidogo.

Sasa kazi. Egesha mahali pameinama? Hapana. Sakafu iwe sawa na ngumu, funga breki ya maegesho, weka mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma, legeza bolti za gurudumu kidogo na spana ya 17 kabla gari haijainuka. Inua na jeki ya troli, halafu weka stendi, na usiingize hata kidole chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, mashimo ya jeki ya hizi gari mengi yameshaliwa na kutu na unaweza kuona sakafu ikiinuka na gari ikibaki chini. Hii Benz haina stadi za kuning'iniza gurudumu, iko na bolti, kwa hivyo bolti ya mwisho ikitoka gurudumu linakuangukia kwa mguu. Kwa tulkiti ya kiwandani kulikuwa na kijiti cha kuongoza gurudumu, kama bado unacho wewe ni tajiri.

Fungua boneti uangalie mafuta ya breki. Ukirudisha pistoni ndani yale mafuta yatapanda, na kama fundi alikuwa akijazia kila mwezi yatamwagika, na mafuta ya breki yanakula rangi kama asidi. Chota kidogo na sindano mpya, weka kwa chupa, na usiyarudishe.

Kwa kalipa ya Ate utaona pini mbili zimepita katikati ya pedi na springi yenye umbo la msalaba imekaa chini yake. Chomoa waya za sensa kwanza. Halafu chukua panchi nyembamba na nyundo ndogo, piga pini ukianzia upande mwembamba itoke upande wenye kichwa kinene. Springi itataka kuruka, iweke kidole. Fanya upande mmoja wa gari kwanza umalize, ule mwingine ubaki mzima, ukisahau springi ilikaa vipi unaenda kuchungulia.

Pedi za zamani huwa zimeshikana na uchafu. Usizichokoe na bisbisi ukiegemea diski, ingiza kitu kwa yale mashimo ya pini uvute juu taratibu huku ukitikisa. Vumbi usilipulize na mdomo wala hewa ya kompresa, pedi za zamani zilikuwa na asbestosi na hujui mwenye gari wa kwanza aliweka nini, pangusa na kitambaa kilicholowa.

Na hapa ndio nataka mtulie, kwa sababu watu wengi wanatupa pedi ya zamani kwa pipa bila kuiangalia na hiyo pedi ndio ripoti ya kalipa. Ziweke chini mbili mbili, ya ndani na ya nje. Mara ya mwisho yangu ya kulia ya ndani ilikuwa imebaki kama milimita 2 na ya nje kama 7. Gurudumu moja, diski moja, safari zile zile. Mpwa wangu alikuwa ananishikia tochi akaniambia "Anko, si hizi ni za magari mawili?" Maana yake pistoni ya ndani ilikuwa haitaki kurudi, inasugua saa zote. Ningeweka pedi mpya nikafurahi, baada ya miezi michache ningekuwa nimerudi palepale. Pedi ikiisha kwa mshazari, juu nene chini nyembamba, angalia kama njia zake kwa kalipa zimejaa kutu. Na kama uso unang'aa kama kioo ilichemka.

Kurudisha pistoni: ukishaziangalia, rudisha pedi moja ya zamani kwa nafasi yake, upande wa pili ndio usukume, kwa sababu ukisukuma pistoni hii ile ya upande wa pili itatokeza, na ikitoka kabisa umejiletea kazi ya siku nzima. Sukuma polepole na kipande cha mbao bapa, pistoni iende sawa bila kulala upande. Ikigoma ukitumia nguvu ya kawaida usiipige nyundo. Angalia ile raba ya vumbi, ikiwa imepasuka maji yameingia na kuna kutu ndani, hapo kalipa inatoka na kuwekwa raba mpya. Ndio nilifanya na ile ya kulia, sikuwa na ujanja.

Kama uko hapo angalia diski. Ukingo mkubwa unaokwaruza kucha, nyufa, mabaka ya bluu, ama stiringi kutetemeka ukifunga breki, yote hayo ni ya diski. Kwa 123 diski iko nyuma ya habu (kitovu kinachobeba gurudumu), lazima habu na beringi zitoke, kwa hivyo panga siku yake.

Safisha njia za pedi na brashi ya waya, paka grisi ya breki kidogo sana mgongoni na pembeni mwa pedi. Usoni hapana, hata alama ya kidole chenye grisi usiache. Pedi ziingie kwa mkono, zikikaza tafuta kutu iko wapi. Springi, pini, waya, gurudumu, bolti kwa msalaba mpaka Nm 100 na ile spana ya kupimia nguvu.

Kabla uguse gia kanyaga breki. Pole pole, mara nyingi, mpaka iwe ngumu. Mimi mara ya kwanza nilisahau, nikarudi nyuma hapo kwa kota Buru Buru, nikakanyaga ikaenda mpaka kwa kapeti, nikaokolewa na breki ya maegesho nikiwa hatua moja kutoka kwa geti la jirani. Alikuwa amesimama hapo na kikombe chake. Hatujaiongelea mpaka leo.

Jazia mafuta ya breki ya DOT 4 mpya kutoka kwa mkebe uliofungwa. Kama yale ya ndani yana zaidi ya miaka 2 yabadilishe yote, mafuta ya breki hunyonya unyevu, DOT 4 mpya inachemka kuanzia digrii 230 lakini ikishaloa kipimo kinashuka mpaka 155, na ukishuka Mai Mahiu na gari imejaa watu hizo digrii utazitafuta.

Pedi mpya zinataka kuzoeana na diski. Mimi huenda Industrial Area Jumapili asubuhi barabara zikiwa wazi, natoka 60 nashuka mpaka 20 bila kusimama kabisa, kama mara kumi, napumzisha katikati. Kilomita 200 za kwanza usifunge breki za ghafla kama si lazima. Bolti unakaza tena baada ya kilomita 50 hivi.

Ukirudi nyumbani, usiguse, leta tu mkono karibu na rimu ya kushoto halafu ya kulia. Zikiwa na joto sawa ingia ndani unawe mikono. Moja ikiwa inachoma kuliko nyenzake, pistoni bado inashika, irudishe gari kwa stendi.