Kufundisha kasumba na sheria za kuwazuia Wachina kuingia Marekani kwa kamba ya mita 5 na nusu

Mwalimu wa historia, anza na neno lenyewe. Uliza darasa lolote la Mwanza kasumba ni nini, utajibiwa "kasumba ya kikoloni", fikra mbovu zilizoganda kichwani. Waeleze kwamba kasumba ni utomvu wa tunda bichi la mpopi, mmea wa maua, uliokaushwa ukawa mweusi wa kunata, ukavutwa kwa kiko ili kulevya. Ukiruka hapo, somo zima litaelea.

Nunua kamba ya nailoni ya wavuvi, mita 5 na nusu, na vibanio vya nguo 8. Ifunge ukutani, ikaze, ndipo upime. Ukipima ikiwa imelegea itavutika na alama zitahama. Kila mwaka ni sentimita 5.

Sifuri ni 1839: Lin Zexu, afisa wa mfalme wa China, anaharibu huko Humen makasha zaidi ya 20,000 ya kasumba ya wafanyabiashara wa kigeni, na Uingereza inajibu kwa vita. Sentimita 15 ni 1842, Mkataba wa Nanjing uliomaliza vita hivyo, China ikiwa imeshindwa. Sentimita 105 ni 1860: China, iliyoshindwa tena vitani, inalazimishwa kuwaruhusu watu wake kwenda kufanya kazi ng'ambo.

Kaa zaidi kati ya sentimita 180 na 215, vibanio vitatu vinapobanana. 1875, San Francisco inapiga marufuku vijiwe vya kuvutia kasumba. Tarehe 17 Novemba 1880, China na Marekani zinatia saini mikataba miwili: mmoja unaipa Marekani nafasi ya kupunguza au kusimamisha vibarua wa Kichina, mwingine unakataza biashara ya kasumba kati ya raia wao. 1882, sheria ya Marekani inawafungia vibarua wa Kichina mlango kwa miaka 10, na muda huo ukaja kuongezwa.

Wengi wataandika: "Walizuiwa kwa sababu ya kasumba." Usiipe alama. Sheria ya 1882 haiitaji kasumba kabisa. Msukumo mkubwa ulikuwa kugombea ajira na ubaguzi wa rangi. Kasumba ilitumika kuwapaka matope Wachina, ilhali nyingi yake ilitoka India chini ya Waingereza na mizinga ndiyo iliyoifungulia China. Dhuluma hiyo itaje waziwazi.

Bana 1909 kwenye 350, Marekani ilipokataza kuingiza kasumba ya kuvuta, na 1943 kwenye 520, zuio lilipofutwa na Wachina kupewa nafasi 105 za kuhamia Marekani kwa mwaka. Kisha mwanafunzi apitishe mkono toka 215 hadi 350: sentimita 135 tupu, miaka 27 ambayo kibarua alirudishwa bandarini huku kasumba ikilipiwa ushuru na kupita.