Spitfire ya plastiki kwa anayeanza: paka nyembamba, subiri ikauke (na kifaru kidogo mwishoni)

Kama hujawahi kuunda modeli hata moja anza na ndege ndogo ya skeli ya 1/72, yaani imepunguzwa mara 72 kuliko ile ya kweli, tena ya injini moja na rubani mmoja. Mi huwa nawaambia watu wachukue Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Waingereza ya vita ya pili ya dunia. Ile ndege yenyewe ilikuwa na mita 11.23 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo kwenye 1/72 inakuja kama sentimita 15 na nusu hivi, inakaa kiganjani. Kampuni ya modeli ya Airfix ya Uingereza walianza kutoa Spitfire ya saizi hiyo 1953, na ya siku hizi ni moldi mpya kabisa, vipande vichache na vinakaa vizuri. Zile za vita ya kwanza ya dunia zenye mabawa ya ghorofa achana nazo kwanza, nyaya zake zitakutoa machozi bure.

Vifaa vingi viko nyumbani au kwa Mangi. Wembe, kikata kucha, kibano cha kunyolea nyusi, vibanio vya nguo, pamba za masikio, vijiti vya meno. Msasa nenda kwa wauza rangi za magari ukaombe ule mweusi wa maji, namba 400, 800 na 1000, karatasi moja moja inakutosha ndege tano. Vya kutafuta kwa shida ni vitatu tu: gundi ya plastiki, rangi, na brashi nzuri. Brashi usifanye ubahili, zile za watoto wa shule zinaacha nywele kwenye bawa na ukiitoa nywele inaondoka na rangi.

Ukifungua boksi osha fremu zote zinazoshika vipande na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, acha zikauke zenyewe. Kiwandani wanapaka mafuta ili plastiki itoke kwenye moldi, na hayo mafuta ndo yanayofanya rangi yako baadaye ibanduke kama ganda la kitunguu. Halafu vipande usivinyofoe kwa mkono! Kata mara mbili, kwanza mbali kidogo na kipande, halafu karibu, kishapo sugua kale kabaki na msasa. Vipande vidogo vikate mkono ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, maana vinaruka, na kikiruka chini ya kochi usikitegemee tena.

Sasa gundi, hapa wengi wanakosea. Supa glu inashika tu kwa juu, gundi ya plastiki inayeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Ile nyembamba kama maji, mfano Tamiya Extra Thin ya kizibo cha kijani, hupaki halafu ukagandisha, unashikanisha vipande kwanza vikiwa vikavu kisha unagusisha ncha ya brashi kwenye mstari wa kiungo na yenyewe inakimbia ndani, utaiona inavyopita. Hesabu mpaka kumi, bana kidogo mpaka plastiki iliyoyeyuka itoke kama uzi kwenye kiungo. Usiufute! Uache mpaka kesho, ukiusugua na msasa kiungo kinapotea kabisa. Dirisha liwe wazi, ile harufu si ya kuchezea.

Kabla hujafunga mwili wa ndege paka ndani kwa rubani, kijani iliyoingia kijivu, kampuni ya rangi ya Humbrol wanaiita namba 78. Mikanda ya kiti kata kwenye masking tepu vipande vyembamba kama uzi wa kiatu cha mdoli. Usipitilize, ukishafunga kioo utaona kiti na mikanda basi.

Pale bawa linapokutana na mwili huwa panabaki mwanya. Kama huna puti ya modeli changanya supa glu na poda ya mtoto kwenye kizibo cha soda, jaza na kijiti cha meno, na hii ndo sehemu pekee ambayo sikwambii usubiri, isugue ndani ya nusu saa. Ukiiacha mpaka kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na utachimba mashimo pembeni.

Kisha praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi. Praima ina kazi mbili, kushikisha rangi na kukuumbua. Ule mstari uliodhani umepotea unaonekana kama kovu, unarudi kwenye msasa, unapiga tena. Ya kopo ya kupulizia inafaa ila za magari nyingine ni kali zinakula plastiki, ijaribu kwanza kwenye fremu tupu, pulizia toka mbali kama sentimita 25 kwa mipito ya haraka.

Rangi za Spitfire ya 1940, wakati Waingereza wanapambana na Wajerumani juu ya anga yao, juu zilikuwa udongo na kijani iliyokolea kwa mabakamabaka, na chini kuanzia kama Juni mwaka ule wakapaka rangi wanayoiita Sky, iko katikati ya kijani na maziwa yaliyoganda, watu wengi huipaka bluu ya mbingu kwa sababu ya jina. Kwa Humbrol ni 29 udongo, 30 kijani, 90 ya chini. Kama unapaka rangi za maji kwa mkono Vallejo inatulia vizuri, Tamiya ni nzuri kwa kupulizia ila kwa brashi inavutavuta.

Anza na ile Sky chini, halafu udongo juu kote, halafu ndo uchore mabaka ya kijani kwa penseli kidogo sana na kuyajaza. Na hapa sikiliza vizuri maana ndo modeli nyingi zinafia: rangi iwe nyembamba kama maziwa ya chai, siyo kama uji. Mpako wa kwanza utakuwa mbaya, utaona praima chini, utaona michirizi, mkono utakuwasha kurudia palepale. USIRUDIE. Ukirudisha brashi kwenye rangi iliyoanza kukauka unaichana, inakuwa mabonge. Weka chini, funika na beseni isipate vumbi, kaangalie mpira. Mpako wa pili kesho unafunika nusu, wa tatu unamaliza na zile alama nyembamba za mabati bado zinaonekana. Ukipaka mmoja mzito unazijaza zote na ndege inakuwa kama imechovywa kwenye chokoleti.

Sisi wa pwani tuna tatizo la ziada, unyevu. Niliwahi kupulizia vanishi ya kufifisha, ile inayoondoa mng'ao, Dar mwezi wa nne, mvua imetoka kukatika, nikaenda kulala nina furaha, asubuhi ndege nzima ina ukungu mweupe kama imepakwa unga wa sembe, wiki tatu za kazi. Unyevu wa hewani unanaswa kwenye vanishi inapokauka. Siku hizi napulizia saa saba mchana siku ya jua tu, na msimu wa masika nakata na kugundisha, sipulizii kitu.

Stika za maji nazo zina kanuni yake. Hazipendi rangi iliyofifia, kwa sababu rangi iliyofifia ukiitazama karibu ina vipelevipele, hewa inabaki chini ya stika na inang'aa kifedha ukigeuza kwenye mwanga. Kwa hiyo paka vanishi ya kung'aa kwanza, isubiri siku nzima. Kata stika moja, siyo zote, itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu sekunde kama ishirini, itoe uiweke pembeni na karatasi yake dakika moja. Ukiisukuma kwa kidole ikateleza iko tayari. Lowesha pale inapokaa kwanza, peleka karatasi hadi kwenye bawa, telezesha stika itoke kwenye karatasi iingie kwenye bawa, usiinyanyue hewani kabisa maana inajikunja kama jani la mchicha kwenye sufuria. Ipange na brashi yenye maji, kisha viringisha pamba ya sikio toka katikati kwenda nje. Kama imegoma kulala kwenye mikunjo gusa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, italainika. Ikikunjamana usishtuke wala usiiguse, ikikauka inajinyoosha.

Ukimaliza stika ndo uzeeshe kidogo. Nasema kidogo. Rubani wa Spitfire alikuwa anapandia kushoto, mlango uko huko, kwa hiyo mikwaruzo ya bati weka pale bawa la kushoto linapoungana na mwili kwa ncha ya penseli ya fedha, siyo ndege nzima kama imegongwa na daladala. Moshi wa egzosti saga mkaa, sugua na brashi kavu kurudi nyuma. Halafu kuna kitu huwa nakitazama kwenye modeli za watu: bunduki nane za mabawani zilikuwa zinazibwa na viraka vyekundu vya kitambaa kabla ndege haijaruka, visiingie vumbi na baridi. Sasa mtu anabandika viraka vizima vyekundu, halafu chini ya mabawa amepaka masizi ya baruti. Bunduki imefyatuka vipi na kiraka kizima? Chagua moja.

Malizia na vanishi ya kufifisha, na kioo cha rubani kiwe cha mwisho, kibandike na gundi nyeupe ya seremala. Supa glu kaa nayo mbali, mvuke wake unakifanya kioo kiwe cheupe kama dirisha la bafuni, nimeshatupa viwili.

Ukija kwenye vifaru mambo ni yaleyale ila mikono inakuwa huru zaidi, kifaru kinapenda uchafu. Skeli inayotumika sana ni 1/35. Mi napenda Type 59, nakala ya Wachina ya T-54A ya Warusi, kwa sababu ni vyuma ambavyo jeshi letu liliingia navyo vita ya Kagera 1978 na 1979, wazee mtaani wanavijua. Angalia magurudumu, yako matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna nafasi kubwa kuliko zingine, ukiyapanga sawasawa umeshakosea. Na hakina vigurudumu vya juu vya kubeba mnyororo, kwa hiyo mnyororo lazima ulale juu ya magurudumu, umelegea. Wengi wanauacha umenyooka kama kamba ya kuanikia na kifaru cha tani 36 kinaonekana cha kuchezea.

Paka kijani iliyokolea kote, kisha ongeza tone la njano kwenye rangi ileile upige katikati ya mabati tu, kingo zibaki na giza. Kutu usipake mzingani, weka kwenye egzosti basi. Vumbi la Kagera ni jekundu, na hapa una bahati kuliko Mzungu anayenunua poda kwa vichupa: chukua udongo wenyewe, ukaange kwenye kikaango kikavu usije ukaota ukungu, uchekeche kwa soksi ya nailoni mara mbili maana chembe ya mchanga kwenye 1/35 ni jiwe la kujengea. Changanya na maji na gundi nyeupe kidogo, tandaza kwenye magurudumu na sehemu za chini, juu upeperushie tu ule mkavu kwa brashi. Ukikauka chukua penseli ya kawaida, ya 2B ikiwezekana, usugue upande wa mnyororo unaokanyaga chini. Panapogusa ardhi chuma hakikai na kutu, panang'arishwa kila mita, na hiyo risasi ya penseli inatoa mng'ao uleule.